Vitamini D na dawa zako nyingine: mfamasia anajibu

Tangu nilipoigusia vitamini D katika toleo lililopita, barua zimemiminika, na karibu zote zina swali lile lile: nikimeza hii pamoja na ile, kuna shida? Nimechagua ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Msimamo wangu ni huu, muujue mapema. Vitamini D yenyewe si mkorofi. Kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo unyonye kalsiamu iliyo kwenye chakula. Ugomvi mwingi inaosingiziwa ni wa kalsiamu, au wa kitu kingine kilichochanganywa kwenye kidonge hicho hicho bila mnunuzi kukiona. Ndiyo maana majibu yangu mengi yanaanzia nyuma ya chupa, kwenye yale maandishi madogo.

Habari za kazi, dokta. Mama yetu ana miaka 71. Anatumia dawa ya presha, ile ya kukojosha, na kidonge kingine cha moyo. Mdogo wangu alimletea vitamini D iliyoandikwa "125", naye anameza kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa ajili ya magoti. Siku hizi ana kiu isiyoisha, choo kigumu, hamu ya kula imekata, na mara nyingine anasahau alichokuwa anasema. Tunaona ni uzee tu. Je, aendelee? — Binti wa kwanza

Dada, asiendelee. Vitamini D aiache leo hii, kisha apelekwe akapimwe damu bila kungoja kliniki yake ya kawaida. (Mimi si daktari, ni mfamasia, ila kaunta imenizoesha kuitikia.)

Tuanze na hiyo "125". Kwa maelezo yako naamini ni mikrogramu, lakini geuza chupa uhakikishe. Vitamini D hupimwa kwa vipimo viwili, mikrogramu na IU, na mikrogramu 1 ni sawa na IU 40. Kwa hiyo kidonge kimoja cha mikrogramu 125 ni IU 5,000, na viwili ni IU 10,000 kila siku. Mtu aliyepita miaka 70 anahitaji kama IU 800 kwa siku, na kiwango cha juu ambacho mtu mzima hapaswi kukivuka bila usimamizi wa daktari ni IU 4,000. Kidonge kimoja tu cha mama kimeshavuka mpaka. Mdogo wako hana kosa, namba 125 inaonekana ndogo kuliko 1,000 iliyo kwenye chupa ya jirani, na watu wengi huchukulia hiyo ndiyo hafifu.

Sasa hiyo dawa ya kukojosha. Angalia jina kwenye boksi. Likiwa linamalizikia na "thiazide", au ni indapamide, basi dawa hiyo ina tabia moja ambayo wagonjwa hawaambiwi sana: inatoa maji na chumvi, lakini kalsiamu inaibakiza mwilini. Figo zinairudisha kwenye damu badala ya kuitoa na mkojo. Kwa kawaida hilo si baya. Lakini upande mmoja ukiwa na vitamini D nyingi inayoingiza kalsiamu kutoka utumboni, na upande wa pili una dawa inayoiziba njia ya kutokea, kalsiamu inajaa kwenye damu. Kiu, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa ndizo dalili zake. Dalili hizo zinafanana mno na uzee, na ndiyo hatari yake. Uzee usitajwe kabla kipimo cha kalsiamu hakijarudi.

Kidonge cha moyo hukukitaja jina. Kama ni digoxin, mambo yanakuwa mazito zaidi, kwa sababu kalsiamu ikipanda damuni, dawa hiyo inaweza kuuvuruga mpigo wa moyo. Dawa nyingine za moyo na presha, kama verapamil na diltiazem, zinaweza kupungua nguvu kalsiamu ikiwa juu.

Mwombeni daktari apime kalsiamu, hali ya figo, na kiwango cha vitamini D yenyewe. Dawa za presha na moyo msizisimamishe wenyewe. Akianza kutapika, moyo kudunda ovyo, au kuchanganyikiwa kukizidi, mpelekeni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Bebeni chupa zote, si majina mliyoyakariri. Na msishangae akichukua wiki kadhaa kurudi sawa: vitamini D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, haitoki na mkojo kama vitamini C.

Kuhusu magoti, niseme kidogo kwa sababu imani hii naikuta kila siku. Vitamini D inamfaa mwenye upungufu. Kumwongezea asiye na upungufu hakumwongezei kitu, na kuna wakati kunamdhuru. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Australia kwa wanawake zaidi ya 2,200 wenye miaka 70 na kuendelea. Nusu yao walikuwa wakipewa dozi moja kubwa ya IU 500,000 mara moja kwa mwaka, kwa lengo la kuzuia kuvunjika mifupa. Waliopewa vitamini ndio walioanguka zaidi na kuvunjika zaidi.

Natumia levothyroxine ya tezi ya shingo kila asubuhi. Nilianza vitamini D miezi mitatu iliyopita, na kipimo changu cha tezi kimeharibika ingawa sijaruka hata kidonge kimoja. Rafiki ananiambia vitamini D inaua dawa ya tezi. — Msomaji mwaminifu

Ningependa kuiona chupa yako, kwa sababu nina wasiwasi na maandishi ya mbele. Vidonge vingi vinavyouzwa kama vya mifupa vina "D3", yaani aina ya vitamini D, kwa herufi kubwa, halafu nyuma, mstari wa pili au wa tatu, kuna kalsiamu kaboneti miligramu 500 au 600. Mhusika ni huyo. Kalsiamu hujishika na levothyroxine tumboni, na zikishashikana dawa hainyonywi vizuri. Unakuwa umemeza kidonge kizima lakini mwili umepata sehemu yake tu. Chuma kilichomo kwenye multivitamini hufanya vivyo hivyo.

Ukikuta kalsiamu, suluhisho ni saa. Levothyroxine meza tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Kidonge chenye kalsiamu kikae mbali nayo kwa angalau saa 4. Mimi huwashauri wagonjwa wakipeleke kwenye chakula cha mchana au cha jioni, maana kalsiamu kaboneti inapenda chakula tumboni. Kisha mwambie daktari tarehe uliyobadilisha ratiba, ili asikupandishie dozi ya tezi kwa tatizo ambalo tayari umeliondoa. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8.

Ukikuta ni vitamini D peke yake, basi rafiki yako ameisingizia. Rudi kwa daktari mtafute sababu nyingine.

Wanaotumia antibiotiki kama ciprofloxacin au doxycycline, wanaotumia dawa ya mifupa kama alendronate, na wanaotumia dolutegravir ya VVU, barua hii ni yenu pia. Kalsiamu huzishika dawa hizo kwa namna inayofanana, lakini saa za kutenganisha hutofautiana. Dolutegravir, kwa mfano, imezwe saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake, au zote mbili kwa pamoja na chakula. Ulizeni mnapochukulia dawa.

Mwanangu wa miaka 16 anatumia fenitoini ya kifafa tangu akiwa mdogo. Daktari mpya ameagiza aongezewe vitamini D. Naogopa isije ikampunguzia nguvu dawa yake, kifafa kikarudi. — Baba mwenye hofu

Kaka, hofu yako naielewa, ila imegeuka upande. Vitamini D haiiharibu dawa ya kifafa. Dawa ya kifafa ndiyo inayoimaliza vitamini D.

Fenitoini, kabamazepini, fenobabitoni na primidoni huliamsha ini lifanye kazi ya kuvunjavunja vitu kwa kasi zaidi, na vitamini D ni miongoni mwa vinavyovunjwa kabla havijatumika. Miaka ikipita, mifupa inalipa gharama: kwa mtoto inaweza kupinda, kwa mtu mzima inalainika na kuuma, na kwa yeyote inavunjika kirahisi. Kijana wa miaka 16 bado anajenga mifupa atakayoitegemea maisha yake yote, kwa hiyo daktari huyo mpya amefanya jambo la maana. Huenda dozi atakayoandikiwa ikawa kubwa kuliko ya watoto wenzake. Mradi imeandikwa na daktari na kuna mpango wa kupima damu, isikutishe. Dawa ya kifafa isiguswe.

Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, nayo huliamsha ini namna hiyo hiyo. Lakini mgonjwa wa kifua kikuu asikimbilie kujinunulia vitamini D kwa sababu nimesema hivi. Nitalirudia hilo hapa chini.

Nimesikia D3 ni bora ikiwa na K2. Nipo kwenye wafarini tangu nibadilishiwe vali ya moyo. Ninunue? — Valvu Mpya

Usinunue. Wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, inafanya kazi kwa kuizuia vitamini K, nawe unataka kumeza vitamini K. INR yako, kile kipimo cha kasi ya damu kuganda, inaweza kushuka, na damu iliyoganda kwenye vali bandia si jambo la kujaribia. Kama daktari anakutaka utumie vitamini D, tafuta ile iliyo peke yake, na usome nyuma: siku hizi K2 inaingizwa hata kwenye chupa ambazo mbele zimeandikwa D3 tu.

Je, vitamini D imezwe na chakula au tumbo tupu? Na maziwa yanaiharibu? Mimi pia natumia olistati ya kupunguza mwili. — Anayehesabu kilo

Na chakula, tena chakula chenye mafuta, hata yakiwa kidogo. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Yai, samaki mwenye mafuta, parachichi, karanga, au mboga iliyopikwa kwa mafuta vinatosha kabisa, huna haja ya karamu. Asubuhi au jioni haina tofauti kubwa, chagua mlo ambao huwa huuruki. Maziwa hayaiharibu hata kidogo. Nchi nyingine maziwa huongezewa vitamini D kiwandani, kwa hiyo ukinywa mengi yaliyoongezewa, nayo uyahesabu.

Olistati ndiyo ya kuangalia. Inazuia mafuta ya chakula yasinyonywe, na vitamini zinazosafiri na mafuta zinatoka nayo chooni. Tenganisha kwa saa 2 au zaidi. Wengi huona rahisi kumeza vitamini wakati wa kulala, mbali na mlo wenye olistati. Kolestiramini ya kushusha kolesteroli nayo inahitaji kutenganishwa. Na kwa kuwa umejiita Anayehesabu kilo, jua kwamba mwili mkubwa huificha vitamini D kwenye mafuta yake, hivyo dozi iliyompandisha jirani yako mwembamba inaweza isikufikishe wewe popote. Hilo lipimwe, lisikisiwe.

Figo zangu zimechoka, bado sijaanza kusafishwa damu. Kipimo kimeonyesha vitamini D iko chini. Kwa nini daktari amenikataza kujinunulia ya dukani? — Mgonjwa msumbufu

Msumbufu wa aina yako nampenda.

Vitamini D unayoimeza, au inayotengenezwa na ngozi ukiwa juani, haijawa tayari kufanya kazi. Inapita kwanza kwenye ini, inabadilishwa. Halafu inafika kwenye figo, inabadilishwa mara ya pili, na hapo ndipo inapopata nguvu. Kipimo cha damu ulichofanyiwa huangalia ile iliyotoka kwenye ini. Figo zikichoka, hatua ya pili inadorora. Unaweza kumeza chupa nzima ikajaa hatua ya kwanza, huku hatua ya pili ikikaa njaa.

Ndiyo maana wagonjwa wengine wa figo huandikiwa alfakalsidoli, ambayo haihitaji tena kazi ya figo, au kalsitrioli iliyokamilika kabisa. Hizi zina nguvu na hupandisha kalsiamu haraka, kwa hiyo zinaenda na vipimo vya kalsiamu, fosfati na homoni ya tezi ndogo za shingoni. Ukiongeza ya dukani juu yake kimyakimya, daktari anakuwa anaendesha gari ambalo abiria naye anakanyaga mafuta. Na ukipata kiungulia, usinywe dawa za kiungulia zenye alumini bila kumuuliza: alumini humlimbikia mwenye figo dhaifu, na vitamini D inaweza kuongeza kiasi kinachonyonywa.

Sasa lile nililoahidi. Kuna magonjwa ambayo mwili unafanya kinyume cha figo zako, unaikamilisha vitamini D kupita kiasi. Kwenye sarkoidosisi (ugonjwa wa vivimbe vya chembe za kinga, hasa mapafuni), kwenye kifua kikuu, na kwenye baadhi ya limfoma (saratani za tezi za limfu), chembe za kinga ndani ya vivimbe zinaifanya kazi ya figo bila kusikiliza breki za mwili. Mtu wa namna hiyo anaweza kupandisha kalsiamu hata kwa dozi ambayo kwa mwingine ni ya kawaida. Mwenye tezi ndogo za shingoni zinazofanya kazi kupita kiasi naye asiguse vitamini D kabla hajaongea na daktari wake. Aliyewahi kupata mawe kwenye figo awe mwangalifu hasa na kidonge kinachochanganya D na kalsiamu.

Mafupi mafupi. Aliyeandikiwa prednisoloni ya muda mrefu pamoja na kalsiamu na D akadhani daktari amechanganya mambo: hapana, prednisoloni inakula mifupa, na hizo mbili zimewekwa kuilinda. Anayepaka calcipotriol kwa ajili ya soriasisi, ugonjwa wa ngozi yenye magamba: mafuta hayo nayo ni ndugu wa vitamini D, yanaingia kiasi kupitia ngozi, kwa hiyo usivuke gramu 100 kwa wiki, na mwambie anayekuandikia vidonge kwamba unapaka. Mjamzito anayekunywa mafuta ya ini la samaki ili apate D: ndani yake kuna vitamini A pia, na A ikizidi humdhuru mtoto tumboni, tumia D iliyo peke yake. Na wale mnaouliza kama mkapime hata kama hamna tatizo lolote: chama cha madaktari wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, katika mwongozo wake wa 2024 hakishauri watu wazima wenye afya wapimwe vitamini D kwa mazoea. Nakubaliana nacho. Fedha hiyo ina kazi nyingine.

Shikamoo dokta. Mtoto wangu ana miezi miwili, ananyonya tu. Kliniki walinipa matone ya vitamini D, yalipoisha wifi yangu akanipa chupa yake iliyobaki. Ile ya kwanza nilikuwa nampa kibomba kimoja kwa siku. Hii nayo nimpe kimoja? — Mama wa kwanza kuzaa

Marahaba mwanangu, na hongera. Usimpe chochote kutoka kwenye hiyo chupa ya wifi kabla hujasoma nami.

Shika chupa zote mbili, moja mkono huu, nyingine mkono ule. Tafuta penye IU 400, ambacho ndicho kiasi anachohitaji mtoto wa mwaka wa kwanza kwa siku. Ukishakipata, usiishie hapo. Soma maneno yanayofuata. Chupa moja itasema IU 400 kwa mililita 1, yaani kibomba kizima hadi kwenye mstari. Nyingine inaweza kusema IU 400 kwa tone 1. Tone moja tu! Ukijaza kibomba cha mililita 1 kwa dawa ya aina hiyo ya pili, hata tukikadiria matone 20 tu ndani yake, umempa IU 8,000. Kiwango cha juu kwa mtoto aliye chini ya miezi 6 ni IU 1,000. Kosa hili si geni: mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu vibomba vinavyoweza kubeba zaidi ya dozi ya mtoto.

Kibomba cha chupa moja kisihamie kwenye chupa nyingine, hata kama vinafanana. Kama chupa ya wifi ni ya tone moja, dondosha tone hilo kwenye kijiko safi uhakikishe ni moja, ndipo umpe. Ukidondoshea moja kwa moja mdomoni huwezi kuhesabu vizuri. Angalia pia tarehe ya kuisha muda na siku ilipofunguliwa. Wifi akiwa hakumbuki, itupe, uchukue mpya kliniki.

Kama umeshampa kibomba kizima mara moja, usipige kelele, lakini usirudie, na uwapigie kliniki leo uwaeleze namba zilizo kwenye chupa. Kama umempa siku kadhaa, au anatapika, hanyonyi vizuri, anakojoa kupita kawaida, au amelegea, mpeleke sasa hivi na chupa uende nayo.